Mashine Haiponi Kwenye Pipa

Nenda mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, siku yoyote, hukosi kukuta mashine ya boti imelazwa chini, imefunikwa turubai. Uliza ina nini, utaambiwa imezeeka. Basi, maongezi yameishia hapo. Miezi michache ikipita, kabureta yake utaiona kwenye mashine ya mtu mwingine, koili kwa mwingine, mpaka linabaki blok tupu ambalo hata mnunuzi wa chuma chakavu analishikia bei.

Mimi uzee huo siuamini kirahisi. Mashine za huku kwetu zina bahati ambayo za Tanga na Mtwara hazina: zinakunywa maji baridi. Chumvi ya bahari inaila aluminiamu na kuzing'ang'aniza bolti, ukilazimisha zinakatikia ndani. Ziwa Tanganyika halina ubaya huo. Bolti iliyofungwa hapa miaka mingi iliyopita, ukiilowesha mafuta ukaipa muda, inatoka nzima. Shahidi tunaye, meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, jirani na mdomo wa Malagarasi, isije ikaangukia mikononi mwa adui. Mafundi wake wakazipaka injini grisi kwanza. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 wakakuta bado ni mali, na 1927 ikarudi kazini. Miaka chini ya maji! Halafu mtu ananiambia Yamaha iliyokaa bandani miaka miwili imekufa kwa uzee.

Kwa nilivyoona, mashine zetu zinauawa na mambo mawili: maji yasiyofika juu, na mzigo usioendana na propela. La kwanza mafundi wanalijua, ingawa wengi wanalijua nusu. La pili karibu hakuna anayelitaja.

Mashine ninayoisimulia ni Yamaha Enduro ya farasi 40, mali ya baba mdogo. Tu-stroki, yaani ile injini ya kuchanganya oili na petroli, silinda mbili, cc 703, ya kuvuta kamba. Ulaya na Marekani mashine za aina hii zimeondoka sokoni kwa sababu ya sheria za moshi, lakini Yamaha bado wanazitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu. Sababu inaeleweka. Haina kompyuta, haina vihisio, na ikikugomea katikati ya ziwa unaweza kuifungua kwa spana tatu ukiwa umekaa kwenye ubao. Uzito wake ni kilo sabini na kitu; vijana wawili wanaitoa kwenye boti na kuipandisha kwenye bajaji bila kelele.

Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, boti ya dagaa ya baba mdogo ililala kama nyingine zote. Akanipigia simu. "Mwanangu, njoo ulichukue hili dude. Likipona sawa, lisipopona tafuta mteja wa chuma." Mimi si fundi wa mwaloni. Kazi yangu ya kila siku ni pampu za maji na jenereta, na banda langu liko nyuma ya nyumba, mtaa wa Mwanga. Lakini tu-stroki ni tu-stroki, na nilikuwa na miezi mitatu ambayo hakuna nahodha atakayenisumbua.

Ugonjwa wenyewe ulielezwa hivi: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inaishiwa nguvu, ukiizima haiwaki mpaka ipoe. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akabadilisha koili. Wa tatu akasema imezeeka.

Hakuna aliyepima kompresheni, yaani jinsi silinda inavyobana hewa. Hicho kipimo ni cha dakika tano: toa plagi zote mbili, fungua mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, funga geji kwenye tundu la plagi, vuta kamba mpaka mshale ukome kupanda. Silinda ya chini ilisoma 110 kwa geji ya psi. Ya juu ikasoma 60 na kugoma hapo. Kwa mashine za namna hii tofauti kati ya silinda na silinda ikizidi asilimia 10 au 15, acha kuhangaika na umeme. Ugonjwa uko tumboni.

Kufika huko tumboni unaanza kuvua flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wa haraka. Imekaa kwenye ncha ya krankishafti, shafti kuu ya injini, iliyochongwa kwa mteremko, imebana, haitoki kwa kubembelezwa. Wanachofanya wengi ni kuipiga nyundo. Sumaku za ndani zinaachia, ncha ya krankishafti inatanuka, na kutoka hapo mashine inaanza kuwa na matatizo yasiyo na jina. Pula ya bolti tatu, kifaa cha kuing'olea, inachongeshwa kwa mtu wa lezi mjini, na gharama yake haizidi sana mlo wa familia ya watu sita. Nilichongesha ya kwangu, nikaibana, nikagonga kichwa cha bolti ya kati mara moja, ikaachia.

Nilipovua silinda hedi, kile kifuniko cha silinda, hadithi yote ilikuwa mezani. Pistoni ya juu ilikuwa imechubuka upande mmoja tu, upande wa ekzosi, michirizi mirefu iliyosimama toka kwenye ringi mpaka kwenye sketi ya chini ya pistoni, na aluminiamu yake imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Michubuko ya upande huo ina maana kwamba joto lilizidi pale ambapo joto huwa kubwa siku zote, utando wa oili ukaungua, chuma kikagusana na chuma. Ingekuwa imechubuka kwenye pembe zake nne, ningeshuku kwamba iliwashwa ya baridi na kupigwa resi papo hapo, maana pistoni hutanuka upesi kuliko silinda iliyoizunguka. Kwa nini ya juu na si ya chini? Maji ya kupoza yanapanda kutoka chini. Yakipungua, wa juu ndiye anayekosa wa kwanza. Hata mabomba ya maji ya mtaani Gungu yanafanya hivyo hivyo.

Nikashuka kwenye mguu wa mashine, nikafungua pampu ya maji. Ile impela ya mpira, kigurudumu cha mbawa kinachosukuma maji, ilikuwa imebakiwa na mbawa nne. Mbili hazikuwepo, na mpira uliokatika hauyeyuki, kwa hiyo ni lazima ulikuwa umekwama mahali. Kipande kimoja nilikitoa kwa koleo kwenye bomba la kupandishia maji. Cha pili kilikuwa kimelala kwenye njia ya maji ya silinda ya juu, kimejikunja, kimeganda pamoja na mchanga na ugaga mweupe. Ugaga huo ni ule ule unaouona kwenye mawe ya ufukweni pale maji yanapoishia: ziwa letu lina madini ya chokaa, na mahali penye moto yanajiweka.

Mchanga unatoka wapi? Unatoka kwenye tabia. Nahodha anataka kuondoka upesi, anawasha mashine boti ikiwa bado kwenye maji ya magotini, propela inatifua chini, pampu inavuta uji wa mchanga. Jioni anaingia mwaloni hivyo hivyo, mashine inanguruma mpaka boti iguse. Impela inaliwa kidogo kidogo. Mashine inaendelea kukojoa, yaani kurusha maji nje kwenye tundu lake dogo, ila mkojo unazidi kuwa mwembamba, na kwa sababu bado unatoka, hakuna anayeshtuka. Kumbuka tundu la mkojo linaonyesha tu kwamba pampu inasukuma maji. Halisemi kama yanazunguka silinda zote mbili.

Jambo la tatu nililolikuta, au tuseme sikulikuta, ni themostati, kile kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Nyumba yake ilikuwa tupu. Nikampigia baba mdogo.

"Ah, hiyo fundi aliitoa zamani. Alisema inabana maji, kwetu huku ni joto haina kazi."

Nimesikia maneno haya mwaloni, Ujiji na Katonga, na kila anayeyasema anayasema kwa uhakika. Yanaonekana yana akili. Lakini themostati ya mashine hizi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 48 hadi 52, na imewekwa ili injini isikae chini ya hapo. Maji ya ziwa juu yanakuwa kati ya nyuzi 24 na 29. Injini ikizungukwa muda wote na maji hayo ghafi, petroli haichomeki sawasawa, oili inabaki kama lami kwenye ringi na kwenye njia ya ekzosi, ringi zinagandia kwenye mifereji yake. Kwa hiyo ile mashine ilikuwa inaishi maisha mawili: sehemu moja baridi kupita kiasi, sehemu nyingine, pale penye mpira uliokwama, inaungua. Nilinunua themostati mpya, na kabla ya kuifunga niliitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, nikaining'iniza kwa uzi isiguse chini. Ilipofika 50 ikaanza kufumbuka. Mke wangu aliniuliza kama ndiyo mboga ya leo. Kipimo hicho nakipendekeza kwa kila mtu, maana vipuri vya bandia vimejaa, na themostati ya bandia ama haifunguki kabisa ama inafunguka ikiwa bado kwenye kasha.

Sasa silinda. Michirizi ya upande wa ekzosi ilikuwa inakamata ukucha, na kikishakamata ukucha msasa hautoshi, ni kuchonga. Kuna utaratibu hapa watu wanaupindua. Wanapeleka blok likachongwe "saizi ya 50", halafu ndiyo wanatafuta pistoni. Pistoni inatangulia. Unainunua, unaipima kwa maikromita, unamkabidhi mchongaji pistoni pamoja na blok, unamwambia achonge kwa kuifuata hii hapa. Silinda ya mashine hii ni milimita 80 kamili ikiwa mpya. Saizi ya 50 maana yake 80.5. Lakini pistoni za watengenezaji tofauti hazilingani sawasawa, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta ni sehemu sita au saba za mia za milimita. Ukibana zaidi itashika, ukilegeza itagonga kama debe.

Blok likaenda Mwanza kwa basi, kupitia Kasulu na Kibondo, limefungwa kwenye gunia na barua ndani. Lilirudi limechongwa vizuri, silinda zote mbili. Ila mchongaji hakugusa kingo za madirisha. Hili naomba nilieleze taratibu, kwa sababu ndipo mashine nyingi zilizotoka kuchongwa zinapofia wiki ya kwanza.

Ukuta wa silinda ya tu-stroki una madirisha, yale matundu ya kuingizia na kutolea hewa. Mashine ya kuchongea ikipita, kila ukingo wa dirisha unabaki mkali kama wembe. Ringi inapopita hapo inajitokeza kidogo sana nje, halafu inarudishwa ndani na ukingo. Ukingo ukiwa mkali, ringi inakwama, inavunjika, na kipande chake kinachora silinda uliyoilipia. Dawa yake ni jiwe dogo la kunolea, la pembe tatu, na jioni nzima. Unalaza jiwe kwa mshazari, unasugua ukingo wa juu na wa chini wa kila dirisha kwa mwendo mfupi, unapitisha kidole. Usiamini macho, pitisha kidole. Kidole kikiteleza bila kukwaruzwa, nenda dirisha linalofuata. Baadaye nilisugua silinda zote kwa msasa wa mviringo uliolowa oili, nikipandisha na kushusha huku nikizungusha, ili ukuta ubaki na mistari inayokatana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Kisha nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Petroli haiondoi vumbi la msasa, inalihamisha tu. Nilifuta na kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe.

Ringi nazo kabla ya kuvalishwa pistoni unaziingiza peke yake ndani ya silinda, unazisukuma chini kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, unapima pengo la ncha kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa silinda ya ukubwa huu pengo la milimita 0.3 hivi na kitu linafaa. Kila mfereji wa ringi una kipini kidogo, na ncha mbili za ringi lazima zikikumbatie kipini hicho, la sivyo ringi itazunguka na ncha zake zitaingia dirishani. Pistoni nayo ifungwe kwa kufuata alama iliyo juu yake. Yaliyobaki ya tumboni nayapitia haraka: beringi zilikuwa nzima, oili sili zote nikaweka mpya kwa sababu kwenye tu-stroki nyumba ya krankishafti nayo inabana hewa na sili iliyochoka inavuta hewa ya wizi, na nusu mbili za nyumba hiyo nikazigandisha kwa gundi yake bila gasketi, kama zilivyotoka kiwandani. Silinda hedi niliilaza kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo cha dirisha, nikaisugua kwa mwendo wa umbo la nane (8) mpaka ikang'aa sehemu zote kwa usawa. Bolti zake zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, na spana ya kupimia mkazo. Anayekaza kwa kusikilizia mkono namheshimu, lakini sitamkabidhi hedi yangu.

Kwenye mguu, oili ya giaboksi ilitoka kama chai ya maziwa, maana yake maji yanaingia. Nilipovua propela nikakuta uzi wa nyavu umejiviringa kwenye shafti mpaka umekata sili. Kwa boti za dagaa hili ni la kawaida kabisa, na njia ya kulikwepa ni kuvua propela mara kwa mara na kutazama. Sili mpya, oili ya namba 90, ijazwe kwa tundu la chini mpaka itokee la juu.

Kabureta ilikuwa na matope ya petroli ya dumu. Jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitisha petroli, zinapulizwa kwa hewa ya kompresa, hazichokonolewi kwa waya. Tundu la jeti limepimwa, waya unalipanua na huwezi kulirudisha. Hapa nilibishana na rafiki yangu mmoja, fundi mzuri kuliko mimi. Ziwa letu liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo jeti ile ile inaleta petroli nyingi kidogo kuliko hewa iliyopo. Yeye anashusha jeti namba moja kwa kila mashine inayokuja mikononi mwake. Hesabu yake ni sahihi. Mimi nilikataa kwa sababu moja tu: petroli ikizidi kidogo unapata moshi na plagi nyeusi, ikipungua kidogo unatoboa pistoni, na boti ya dagaa inasukumwa kwa mafuta yote usiku kucha na mtu ambaye hana habari na jeti. Farasi 40 za kiwandani hapa zinakuwa 37 hivi. Tatu zilizopotea niliziacha hewani.

Skrubu ya sailensa, yaani ya mngurumo wa mashine bila kuipa mafuta, niliizungusha ndani taratibu mpaka iguse, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu, ndipo pa kuanzia. Kazi kubwa zaidi ilikuwa fito zinazounganisha kabureta na sahani ya koili. Kwenye mashine hizi ukizungusha mkono wa mafuta unafanya mambo mawili kwa pamoja: unafungua kabureta, na unaizungusha sahani ili moto wa plagi uwahi zaidi. Fito ikiwa imepinda au imefungwa tundu lisilo lake, kabureta inafunguka yote huku moto bado umechelewa. Mashine inawaka, inanguruma, na haina nguvu. Nililinganisha alama za flaiwili kwa taa ya taimingi ya kuazima, nikarekebisha urefu wa fito mpaka vyote viwili vikafika mwisho pamoja. Ya baba mdogo ilikuwa imechelewa sana. Sijui tangu lini.

Halafu pipa. Pipa la lita 200 limekatwa juu, limejazwa maji, mashine imening'inizwa kwenye gogo la mwembe, propela imevuliwa. Kamba ya pili ikawaka. Majirani wakaja, watoto wakashangilia, mkojo ukatoka mnene wa vuguvugu, sailensa ikatulia. Hapo ndipo fundi wa kawaida anamwita mwenye mali, anapokea hela yake, na mashine inaondoka.

Pipa linadanganya. Mle ndani mashine haisukumi kitu. Ukiigusa tu mafuta inapanda resi kama mwendawazimu, kila injini mbovu inasikika nzima. Pipa linakuambia mambo matatu: maji yanapanda, moto upo, haivuji. Basi. Kama imepona au la, hilo linajulikana ziwani, ikiwa na watu, wavu, taa na betri zake, dumu za mafuta, na upepo wa kusi usoni.

Baada ya Agosti 15 tuliifunga kwenye boti. Saa kumi za kwanza ni za kulainisha, na mchanganyiko wake ni 25 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linapewa mililita 800 za oili ya tu-stroki badala ya 400 za kila siku. Saa ya kwanza hairuhusiwi kuvuka nusu ya mafuta, ya pili robo tatu, zilizobaki usiibane mafuta yote kwa zaidi ya dakika tano. Nahodha alisikiliza kwa adabu. Nikapiga fundo la kamba kwenye mkono wa mafuta usifunguke kupita nusu, na siku hiyo nikaenda nao.

Saa kumi zilipoisha nilifunga geji ya mizunguko, ile ndogo ambayo waya wake unaviringishwa tu juu ya waya wa plagi. Iweke kwenye hesabu ya mashine yako. Ukikosea kuiseti inasoma nusu au mara mbili. Boti ikiwa tupu, mafuta yote, ilisoma vizuri. Ikiwa na watu sita, wavu uliolowa na kila kitu cha kazi, mafuta yote: mizunguko 4,150 kwa dakika. Haikupanda tena.

Enduro 40 imeundwa izunguke kati ya 4,500 na 5,500 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Chini ya hapo inabebeshwa. Unasukuma petroli na hewa yote ndani, lakini pistoni zinakwenda polepole, joto linakaa muda mrefu kichwani, masizi yanajaa, konrodi zinapigwa. Ni sawa na kupanda mlima wa Mwandiga na lori la mzigo ukiwa gia ya nne. Mashine hii, pamoja na pistoni mpya, silinda mpya, themostati na kila kitu, ilikuwa inarudishwa kwenye maisha yale yale yaliyoiua, na kwa masikio ya kila aliyekuwemo botini ilikuwa inanguruma vizuri sana.

Nikageuza propela nisome namba. Ilikuwa ya 13, maana yake kwa kila mzunguko ingesonga mbele inchi 13 kama maji yasingeteleza. Hiyo ni propela ya boti nyepesi. Boti yetu ni ya mbao nene, imelowa maji miaka mingi, imebeba shehena. Kanuni ya mkononi ni kwamba kila inchi unayoishusha inakurudishia mizunguko 150 hadi 200. Nikatafuta ya 11. Mjini hazipo sana, kwa sababu kila mtu anataka ya 13, anaamini kubwa ndiyo kasi. Ilikuja kutoka Dar.

Nahodha aliijaribu akiwa mtupu, akarudi ana uso wa lawama. "Fundi, umeipunguza mwendo." Nikamwambia apakie. Wakaenda na mzigo wote, geji ikasoma 4,550, na boti ambayo zamani ilikuwa ikikokota matako majini ikainuka pua. Akiwa mtupu ilisoma 5,400, bado ndani ya mipaka. Kwenda hadi mahali pao pa kuvulia na kurudi wakabakiza mafuta kwenye dumu ambalo walizoea kulimaliza. Baba mdogo hakutaka maelezo ya inchi wala mizunguko, alilitikisa dumu tu akasikia yaliyobaki.

Nilitoa plagi baada ya usiku huo. Zote mbili rangi ya chokoleti, ya juu na ya chini hazina tofauti; ya rafiki yangu na jeti yake tutaijadili siku nyingine. Giaboksi bado ina mlio mdogo ikiwa gia ya nyuma, na nimemwambia nahodha aache kuitumia nyuma kama breki.

Propela ya 13 haikuwa na kosa lolote, kwa hiyo nimemuuzia jamaa wa Katonga mwenye boti ya fiba ya kubebea abiria, nyepesi, ambayo ilikuwa inapiga resi kupita kiasi. Inamfaa kabisa. Amelipa nusu. Nusu nyingine, kwa kuwa anategemea wateja wa dagaa kama kila mtu hapa, ameniambia nisubiri mbalamwezi ipite, taa za dagaa zirudi ziwani.